Nimempima Mteja Asiyekuwepo

Shangazi mshauri, shikamoo, hata kama kwa umri huenda mimi ndiye wa kuamkiwa, maana mwenye shida hachagui, naomba unisaidie kabla sijampoteza mtu pekee aliyebaki anayenijua tangu nilipokuwa na kiuno.

Mimi na rafiki yangu tulikuwa mafundi wa kushona, chumba kimoja, vyerehani viwili, tumepeana migongo, na watu walituita Sindano na Pindo, mimi kwa wembamba wa enzi hizo, yeye kwa sababu pindo lake halikuwahi kufumuka, na ah, Shangazi, siku zile! Tulikuwa tunaimba huku tunakanyaga cherehani, redio ikizimika tunaendelea wenyewe, vipande vya vitambaa vimetapakaa sakafuni, wateja wamejaa kwenye benchi wanangoja nguo tulizowaahidi juzi, na unajua fundi ana jibu moja tu, "njoo kesho", basi tulikuwa tunalisema kwa pamoja kama kwaya, mteja anaondoka amekasirika huku anacheka.

Sasa Pindo ana ugonjwa wa Parkinson, mikono inatetemeka, miguu anaiburuta, na siku hizi jioni ikiingia anachanganyikiwa na kuona watu wasiokuwepo. Tena anaona wateja! Kuna mama mmoja mnene anakaa kimya kwenye kiti cha karibu na mlango, anangoja gauni lake. Mara ya kwanza nilimbishia, nikamwambia hakuna mtu pale, akalia kwa aibu mpaka nikalia naye. Mara ya pili nikaona heri nimtulize, nikatoa tepu yangu nikampima yule mama hewani, kifua, kiuno, nyonga, Pindo akasema, "Mwachie nafasi kiunoni, huyo anakula," tukacheka mpaka mbavu zikauma, nikarudi nyumbani na furaha niliyokuwa nimeisahau. Ikawa kila nikienda, nampima. Mpaka juzi nafika, binti yake amemkuta anakata pazia la sebuleni, eti anamshonea yule mama, na kidole amejikata, damu imeenea kwenye kitambaa, na binti akanigeukia: "Mama mdogo, wewe ndiye unayemzidishia mama haya mambo. Ukija na hiyo tepu tena, huingii humu ndani."

Hilo nimelimeza, lakini kinachoninyima usingizi ni kwamba wakati naaga, Pindo alinishika mkono, akili imetulia kabisa, akaniuliza, "Sindano, wewe hujawahi kunidanganya. Pale kwenye kiti pana mtu, au hapana?" Na mimi, Mungu anisamehe, ulimi ulivyozoea, nikamjibu, "Nitakwambia kesho." Sijarudi tangu siku hiyo. Nifanyeje?

Sindano

JIBU

Shikamoo yako nimeipokea huku nimeinama, mama yangu, na sasa kaa chini nikuseme. Rafiki yako mgonjwa anakuomba ukweli, unampiga kalenda kama mteja wa gauni? Loo!

Pole, lakini. Kumbishia mtu anayeona watu ni kumwongezea hofu, na hilo ulilijua mapema. Ila kutombishia ni jambo moja, kumtolea tepu ni jingine. Jiulize ile tepu ulimtolea nani. Wewe ndiye uliyetaka duka lifunguliwe tena, na wala sikulaumu kwa kulitamani, hata mimi nimesoma nikatamani kukaa kwenye hilo benchi. Basi mrudishie yaliyokuwepo kweli. Imbeni nyimbo zenu, mpe kitambaa akipapase akwambie ni cha aina gani, wasengenyeni wateja wenu wakorofi. Hao mnawajua nyote wawili. Yule wa kwenye kiti anamwona peke yake, na wewe ukajifanya unamwona.

Msikubali mtu awaambie ni pepo. Ni maradhi yenyewe, na wakati mwingine dawa zile zile za kutuliza mtetemeko huleta maruweruwe, au kuna maambukizi mwilini, hata ya mkojo. Daktari wake aambiwe wiki hii, na msithubutu kuacha wala kupunguza dawa wenyewe. Akivurugika ghafla kuliko kawaida, msingoje siku ya miadi, mpelekeni. Washeni taa kabla giza halijaingia. Kama kuna koti au nguo imetundikwa karibu na kile kiti, itoeni, maana gizani nguo hugeuka mtu. Mikasi ifungiwe kabatini.

Kwa binti, nenda ukaombe radhi, na usiweke "lakini" hata moja. Wewe ukishamaliza kucheka unakwenda kwako, yeye ndiye anayebaki kukifunga kidole cha mama yake kinachotoka damu. Mwulize siku gani anataka kupumzika, ukae wewe na mama yake.

Kisha ingia kwa Pindo, na akiwa ametulia, umjibu. Mwambie hivi: "Mimi simwoni, Pindo. Najua wewe unamwona. Ni ugonjwa, hujawa mwendawazimu, na mimi nipo." Huenda atalia. Mwache alie, mshike huo mkono unaotetemeka. Hajui tena amwamini nani, hata macho yake mwenyewe yamemgeuka, na katika watu wote waliomo chumbani mle, wanaoonekana na wasioonekana, aliyemchagua kumuuliza ni wewe.