Samaki Aliyeficha Watoto

Bibi mpenzi, shikamoo. Huku Bujumbura mimi na dada Zaina tu wazima. Jana alinipeleka mahali samaki wa ziwa letu wanapofugwa ndani ya vioo. Nilimwona mmoja amezungukwa na vitoto vyake. Mara mizinga ikalia milimani, kioo kikatetemeka, naye akapanua kinywa, vyote vikaingia.

“Amewala wanawe,” nikamwambia mlinzi.

“Apana, mama, anawaficha. Ngoja kidogo.”

Tukangoja. Mizinga iliponyamaza akavitema, vizima vyote. Umeuza samaki miaka yote, uliwahi kuyaona haya?

Tulipofika kwake Buyenzi, Zaina akaniomba niondoke na watoto wake wawili. Tutafika kwako Kigoma Ijumaa. Mungu akutunzie afya, bibi yangu.

Mjukuu wako, Asha