Tangi la Lita Ishirini na Tano

Jumatatu, 3 Novemba

Tangi limekwisha. Mshono wa mwisho nimeuchomelea saa nne asubuhi, nikauacha upoe wenyewe. Aluminiamu haitaki haraka. Ukiimwagia maji inapinda. Mgongo unauma toka jana.

Nimelipima ninavyopima siku zote. Bidoni ya njano, dumu la lita ishirini, imejaa mpaka shingoni. Halafu kibidoni cha tano, nacho mpaka shingoni. Maji yakafika mdomo wa tangi, hayakumwagika hata tone. Ishirini na tano. Nilifurahi peke yangu. Hakuna aliyekuja kuangalia.

Gari lenyewe ni la kiti kimoja. Magurudumu yote manne yako nje ya bodi kama miguu ya panzi. Injini ni ya pikipiki kubwa. Ataliendesha Clarisse, binti wa Patron. Patron ndiye mwenye gereji. Alirudi kutoka Kongo zamani, na hapa Gisenyi sijasikia mtu akimwita jina lingine. Mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua asubuhi. Tumefanya kazi chini ya mabati, kelele tupu.

Clarisse amenisomea masharti ya gari. Karatasi ni ya Kifaransa, na mimi niliishia darasa la tano Kasulu. Nilimwomba asome polepole. Tangi lisizidi lita ishirini na tano. Likae kati ya mgongo wa dereva na injini, pasipo kutokeza nje ya fremu. Kuwe na ukuta wa chuma kati yake na dereva. Bomba la mafuta lisipite anapokaa. Kuongeza mafuta katikati ya mbio ni marufuku. Nikamuuliza kwa nini wanabana tangi hivyo. Akasema mafuta mengi yanawaka sana gari likipinduka. Pili, mwenye mafuta mengi anakanyaga bila hesabu, mwenye machache lazima atumie akili.

Tangi likizidi, gari halianzi. Na aliyelitengeneza haruhusiwi tena kutengeneza gari la mashindano. Kuna mahali pa jina lake na sahihi. Nimeandika jina langu. Nikaweka na sahihi.

Clarisse alipotoka, Patron akaja mlangoni. "Bon, Mutanzania, ungeongeza kidogo. Lita mbili njo nini? Bale batu ba mashindano bataangalia na macho tu." Nikacheka kwa sababu ni bosi. Nikasema tangi limeshafungwa. Akaondoka akipiga mluzi.

Sikupenda.

Alhamisi, 6 Novemba

Patron na Bahati walikuwa nyuma ya stoo wanaongea. Nilipotokea wakanyamaza. Bahati akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Bahati ndiye fundi wa injini. Amezaliwa Goma, sasa anaishi Nyakiriba na mke wake. Mikono yake ni mizuri, sina la kusema hapo. Anasikia ugonjwa wa injini akiwa bado barabarani. Ananiita vieux, yaani mzee, ingawa tunakaribiana umri. Lakini mtu anayechekesha kila mtu siku nzima, mimi huwa namwangalia mara mbili.

Mwanza niliwahi kufukuzwa kazi kwa mtungi wa gesi ambao sikuuiba. Walioiba walikuwa wawili, na walikuwa wakicheka na mimi kila siku. Mgeni ndiye anayebeba lawama. Jina langu liko kwenye ile karatasi, la Bahati haliko.

Jumapili, 9 Novemba

Misa kanisani Nyundo, juu kilimani. Nimepanda kwa miguu, nimeshuka kwa miguu. Nimemwombea mke wangu, mama Neema, na watoto kule nyumbani. Padri aliongea Kinyarwanda haraka, nikaambulia nusu.

Nikirudi nimepita gereji. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nilisikia mtu anapiga kitu, taratibu. Sikubisha hodi.

Jumatatu, 10 Novemba

Tangi limepakwa rangi nyeusi. Lote. Mishono yangu haionekani.

Fundi hapaki rangi juu ya mshono wa mwenzake bila kumwambia. Mshono ndio unaoonyesha kama kitu kimefunguliwa na kufungwa tena. Nimemuuliza Bahati mbele ya watu wa gereji ya pili waliokuja kuazima jeki. Akasema, "Vieux, ni rangi tu. Clarisse njo alinituma. Na we unataka nikupake? Utakuwa muzuri!" Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Na kule kupigapiga jana? Anasema alikuwa ananyoosha kishikio cha bomba. Inawezekana. Inawezekana pia alikuwa anatanua mbavu za tangi langu kwa ndani, kama Patron alivyotaka, halafu lawama ije kwangu.

Sijala vizuri leo.

Jumanne, 11 Novemba

Siku mbaya.

Tulibeba tangi hadi kituo cha mafuta, sisi wanne. Clarisse alitaka kujua gari litakuwa na uzito gani likijaa. Tangi lilikuwa tupu, limekauka. Mimi mwenyewe niliangalia namba za pampu. Zilifika ishirini na tano na mafuta yalikuwa bado chini. Ishirini na sita. Yalifika mdomoni kwenye ishirini na saba na pointi nne.

Patron alinigeukia mbele ya wanaume wa moto, zile pikipiki za abiria, waliokuwa wakijaza. "Mutanzania! Unanitafutia nini?" Kumbe wiki iliyopita lita mbili zilikuwa si kitu. Leo kuna watu, anapiga kelele.

Nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie. Kwamba nililipima na lilikuwa ishirini na tano. Kwamba Jumapili Bahati alijifungia nalo peke yake. Kwamba aulizwe yeye.

Bahati alishika kichwa. "Yewe! Mi? Mi nilipaka rangi!"

Patron alituangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua viazi. Halafu akamwambia Bahati aende nyumbani, asirudi. Alichagua upesi mno. Labda alitaka yaishe kabla Bahati hajasema kitu kingine.

Tangi tukalirudisha watatu.

Nilitegemea nitajisikia vizuri. Sijisikii vizuri.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekwangua rangi ili nione alichofanya. Nilianza na kona. Mshono wangu upo. Nikaendelea pande zote. Mawimbi yake madogo madogo kama magamba ya samaki, ni mkono wangu, nautambua kama ninavyotambua mwandiko huu. Hakuna mahali palipofunguliwa. Niliweka rula kwenye mbavu. Zimenyooka.

Nikalipima tena kwa maji, mafuta yakiwa yameshatolewa. Bidoni ya ishirini, kibidoni cha tano. Vikaingia vyote. Ishirini na tano, mdomoni kabisa.

Nilikaa kwenye tairi, nikaikumbuka ile pampu.

Basi pampu inaiba. Inaonyesha ishirini na saba, inatoa ishirini na tano. Nimemwambia Patron. Alifurahi sana, akasema alijua toka zamani kwamba wale ni wezi, akaniletea chai mwenyewe.

Lakini pampu ikiwa mwizi, Bahati hana kosa. Hilo sikulisema. Lilikuwa mdomoni, nikalimeza na chai. Niliogopa kwamba nikimtoa yeye kwenye lawama nitaingia mimi. Naandika hivyo hivyo kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Alhamisi, 13 Novemba

Mkaguzi wa mashindano amekuja saa tatu. Mwanamume mwembamba, suruali safi, anaongea kama mwalimu. Alikuwa na chombo chake cha chuma chenye kioo cha mistari ubavuni. Hakuangalia kwa macho kama Patron alivyosema. Alipima maji lita kwa lita, akiandika kila mara.

Ishirini na saba na pointi nne.

Patron akaanza habari za pampu inayoiba. Mkaguzi akamwambia pampu na chombo chake vimesema kitu kimoja. Halafu akauliza nani alipima. Nikasema mimi. Akauliza, kwa kipimo gani? Nikamletea bidoni.

Aliijaza nilivyomwonyesha, mpaka shingoni, akaimimina kwenye chombo chake. Maji yakapita mstari wa ishirini. Yakapita wa ishirini na moja. Yakasimama juu kidogo ya ishirini na mbili. Kibidoni nacho kikatoa tano na zaidi. Hakucheka. Aligusa bega la bidoni, chini kabisa ya shingo, kwenye mstari mdogo ambao sijawahi kuuona maisha yangu yote. "Fundi, ishirini inaishia hapa."

Kasulu tunauza mawese hivyo. Bidoni ya ishirini ni bidoni iliyojaa. Ukimletea mteja iliyoishia begani atakuuliza yaliyobaki umemnywesha nani. Hapa sokoni ni hivyo hivyo, maji hivyo hivyo, pombe hivyo hivyo. Nani aliwahi kuuliza?

Nikamwomba niweke kipande cha mbao ndani kupunguza nafasi. Akakataa. Masharti hayataki kitu cha kujaza ndani. Tangi lenyewe liwe dogo. Atarudi kesho saa tisa, na likizidi gari linabaki hapa.

Mkaguzi alipotoka, Clarisse alianza kucheka. Akaniangalia usoni, akaacha.

Hapo nikasema. Nilimwambia Patron kwamba Bahati hakugusa kitu, na kwamba mimi nilijua toka jana. Nilisubiri anifukuze. Akasema, "Kata tangi. Maneno ya Bahati, we njo utaenda kuyasema, arudi Jumatatu."

Ya yeye kutaka lita mbili zaidi, hakuyataja. Nikamuuliza walikuwa wanaongea nini na Bahati nyuma ya stoo. Alishangaa. Mke wa Bahati ana mimba, alikuwa anaomba ruhusa ya siku tatu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeanza kazi saa kumi na mbili asubuhi. Safari hii hesabu kwanza. Urefu wa tangi sentimita arobaini na tano, upana thelathini. Clarisse alinionyesha: kila sentimita moja ya kimo ni lita moja na theluthi. Kitu rahisi namna hii. Ningekijua, mtu angekuwa kazini kwake.

Nimetoa kifuniko, nimekata sentimita mbili na nusu kuzunguka, nimepunguza na vizuizi vya ndani vinavyozuia mafuta yasichezecheze. Nimechomelea upya. Macho yanawaka. Saa tisa mkaguzi alipima: ishirini na nne. Akapiga muhuri. Sikusema asante. Nilisahau.

Nikachukua moto mpaka Nyakiriba. Mke wa Bahati alikuwa anamenya viazi mlangoni, tumbo kubwa kweli. Alimwita. Bahati akatoka na matope ya shamba mpaka magotini, akanipa kiti, yeye akabaki amesimama.

Nilimweleza kila kitu. Hata ile siku moja niliyonyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bidoni? We vieux, ulinifukuzisha juu ya bidoni?"

Nikasema ndiyo. Nikasema Patron anamtaka kazini Jumatatu.

"Patron alikutuma?"

Nikasema ndiyo, alinituma, lakini ningekuja. Akanicheka, cheko bila furaha. "Hata hiyo sijui niamini. We unaangaliaka batu kama polisi wa mpaka. Leo niko muzuri. Kesho spana moja ikipotea, utasema tena ni Bahati." Akasema hatarudi. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Nilimwombea mke wake uzazi mwema. Mke ndiye aliyeitikia.

Jumamosi, 15 Novemba

Mashindano. Magari tisa. Clarisse amemaliza wa nne, tangi lilikuwa na kama lita mbili zilizobaki. Alikanyaga kwa akili. Watu wa gereji walimbeba.

Mzunguko wa pili injini ilikohoa kidogo kwenye kona. Bahati angejua ni nini. Mimi nilijua tu kwamba imekohoa.

Patron alikuwa anawaambia wageni kwamba gereji yake haiibi hata nusu lita. Nilikuwa nimesimama karibu. Nimeenda kukusanya vifaa.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda misa. Nimetembea kando ya ziwa, huku chini wanakofunga mitumbwi.

Bahati alikuwepo. Ameinama juu ya injini ya mtumbwi, wavuvi watatu wamemzunguka, anawatania na wanacheka. Kazi ameshapata. Nilitaka kugeuka, lakini aliniona.

Hakuniita vieux. Aliuliza, "Tangi ilifika ngapi?"

Nikamwambia ishirini na nne.

"Na Clarisse?"

Wa nne. Nikamwambia na ile kukohoa kwenye kona. Akafikiri kidogo, akifuta mikono. "Hewa inaingia kwa bomba. Mwambie akaze kile kiungo cha chini." Halafu akarudi kwenye injini yake.

Nimerudi chumbani, nimefua nguo za kazi, nimezianika. Jua lipo leo. Zitakauka.