Kura ya Mwenye Eda

Mlandege, Ijumaa, 1971. Mvua ya vuli imenyesha tangu asubuhi, na mimi nimechoka kuliko punda wa gari.

Leo chama chetu cha kufaana katika harusi na misiba kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Aliyekalia kiti ni dada yangu Zuhura, na anakipenda kiti kile kama roho yake. Anayekitaka ni Bi Rukia. Mimi ni katibu.

Kanuni niliiandika kwa mkono wangu: asiyeweza kuja atume mtu ampigie kura, na anayetumwa abebe kura ya mtu mmoja tu. Nilijiona hodari. Sikuandika tufanyeje mtu mmoja akituma wawili.

Bi Mize amefiwa na mumewe, yumo edani, hatoki nje. Leo wakasimama wanawake wawili, kila mmoja akiapa ametumwa naye: mmoja ampigie Zuhura, mwingine ampigie Rukia. Zilipigwa kelele hata muuza vitambaa aliye chini ya chumba chetu cha mkutano akafunga duka. Tukahesabu kura za waliokuja, zikawa sawasawa. Ikabaki ya Bi Mize tu. Wakanambia niende nikamuulize.

Nilikwenda peke yangu, buibui limelowa chapachapa.

"Shikamoo, Bi Mize. Hasa uliyemtuma ni nani?"

"Marahaba, mwanangu. Nliwatuma wote. Kila mmoja kanambia atanipangia foleni ya mchele, na mie siwezi kutoka. Nkawaitikia."

"Wamekupangia?"

"Hajarudi hata mmoja. Juzi nlikunywa chai tupu, nkalala. We andika umtakaye, mie nshachoka."

Andika umtakaye!

Shetani alinipitia, sikatai. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na jina la dada yangu mdomoni. Nani angejua?

Nilipofika nikasema Bi Mize hakumchagua mtu. Uchaguzi ukaahirishwa mpaka atoke eda. Zuhura akajitanda buibui lake. "Bora ningezaliwa peke yangu," akasema, akaondoka bila ya kuaga. Nimelia njiani, na bado sijala.

Lakini nililolisema silijutii. Linaloniuma ni jingine.

Chama kizima tumegombana mchana kutwa nani ana haki ya kusimama badala ya Bi Mize. Na waliomsahau si wale wawili peke yao. Tangu afiwe nimekwenda kumtazama mara tatu, nikamwombea dua, nikanywa chai yake, nikarudi kwangu. Hata siku moja sikumuuliza mchele anapangiwa na nani.

Nimeona haya, basi tu.

Kesho alfajiri nitakwenda foleni na vikapu viwili. Wakiniuliza cha pili nimetumwa na nani, nitawaambia sikutumwa.