Mdomo Uliotafsiri Yasiyosemwa

Jumapili, 3 Mei 2026
Leo kanisani hapa Molo nimemtafsiria mheshimiwa mmoja, mwanasiasa. Yeye Kizungu, mimi Kiswahili, vile mimi hufanya na wahubiri. Akasema tu anapenda amani. Mdomo wangu ukasema: "Waliokuja watarudi kwao kabla ya viazi kuvunwa." Ai! Sikuwaza hivyo. Ilitoka tu. Watu wakapiga makofi. Mama Trizah, jirani yangu, kwao Kisumu, hakupiga. Mheshimiwa akaniinamia sikioni: umejuaje?

Jumatatu, 4 Mei
Pasta Kimaiyo amepiga simu. Ati ni Roho, mkalimani ni mfereji tu, maji si yake. Nikamuuliza, na yakiwa machafu? Akasema niombe.

Redio nayo imemuuliza mheshimiwa. Ati yeye hajasema kitu kama hicho, waulize yule dada wa kutafsiri. Mimi! Nimekasirika, nikaizima.

Jumatano, 6 Mei
Nimeenda kwa nyanya, Kogo Jepleting. Hakunigombeza. Alisema kwetu neno la mbele ya watu halina ati nilitumwa tu — likitoka ni la aliyelitoa, na litazunguka mpaka lipate pa kuingia. Akaniambia nilirudishe mbele ya watu walewale, haraka.

Ijumaa, 8 Mei
Mama Trizah anafunga magodoro. Miaka yote tumeombana chumvi. Nikamwambia si mimi niliyesema. "Cheruto," akasema, "nilikuwa nakuangalia mdomo."

Nimelia. Nimemsihi angoje Jumapili, nitayafuta maneno mbele ya wote, asikie na watoto wake. Asiposikia, lori la viazi litawabeba jioni hiyohiyo. Amekubali — shingo upande.

Jumapili, 10 Mei
Naandika benchini, kanisani. Mheshimiwa leo yuko Gilgil. Afadhali, nani sasa atanitia maneno? Pasta amenipa nafasi kwaya ikimaliza. Mama Trizah amekuja na watoto, wako nyuma karibu na mlango.

Yangu ni machache: nisameheni, nilikosea, hapa hakuna mgeni, hakuna wa kuhama. Nimeyajaribu sasa hivi, kwa sauti ya chini, nikiwa nimeangalia chini.

Mama aliyekaa kando yangu ameacha kupiga makofi. Ameniangalia, akavuta mtoto wake upande ule mwingine. "Umesema nini, wewe?"

Nimesema nisameheni. Si ndiyo nimesema?

Anatikisa kichwa. Hataki kurudia alichosikia.

Wanakwaya wanakaa. Pasta ananinyooshea maiki. Mama Trizah, kule nyuma, amesimama anione vizuri, na ananitabasamia —