Imondo ya Picha

Jumapili

Yaani Baba Neema ameitundika dirishani! Picha ya CT ya kifua chake, pale sebuleni, kama cheti cha ndoa. Kila mgeni aliyepita baada ya kanisa ameonyeshwa. "Oneni, mapafu safi! Walikuwa wananisumbua bure." Halafu anakohoa.

Daktari alisema nikiwa hapo: picha safi inapunguza wasiwasi sana, lakini haiumalizi, kwa sababu TB inayoanza inaweza isionekane. Kwa hivyo apeleke makohozi yapimwe. Kikopo alichopewa bado kiko juu ya friji, kitupu. Eti mwanaume mzima hawezi kupita mtaani Shieywe na bodaboda amebeba makohozi.

Mimi naogopa. Neema bado ananyonya, na babake humwimbia usoni kabisa.

Mchana mama mkwe, aliyekuja kutoka Chekalini kumwona mwanawe, alipika ingokho, kuku wetu wa kienyeji. Imondo, ile firigisi, ni ya mwenye nyumba. Sisi wanawake hatuigusi. Baba Neema akanyoosha sahani. Mama akampita, akaenda kuiweka dirishani, chini ya picha.

"Mama, hiyo ni yangu!"

"Aliyepona ni huyu. Wewe unakohoanga."

Nilikimbilia jikoni kucheka. Niliporudi, Baba Neema alikuwa amekishika kikopo. "Kifuniko chake kinakaza kweli?"

Kesho anakipeleka.

Na imondo? Nimeila mimi, nimesimama jikoni, mama mkwe akinilindia mlango.