Kwa Nini Nilitaka Kuacha Kazi

Mafiga, Morogoro

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Urambo, na mgongo wako unaendeleaje? Baba naye mpe shikamoo yangu. Mimi ni mzima, na safari hii nasema hivyo kwa moyo wote.

Siku ile nilipokupigia nikasema nataka kuacha kazi, uliniuliza sababu, nikajibu vumbi la pilipili manga linaniumiza kifua. Nilikudanganya, mama, unisamehe. Simu yako ikipigwa inasikika nyumba nzima, ndiyo maana leo naandika.

Sababu ilikuwa msimamizi wetu wa zamu, hapa kiwandani tunapofungasha viungo. Alianza kwa kujiita mtani wangu. Akipita kwenye mzani wangu ananisifia umbo mbele ya watu, wote wanacheka, nami nacheka nisionekane nina maringo. Baadaye akawa ananishika kiuno akijifanya anasoma mzani. Nikimtoa mkono anasema, "Mtani, mbona mkali?" Kisha zikaja meseji za kunitaka nimfuate nyumba ya wageni. Nilipokataa, akanihamishia kubeba magunia ya mdalasini, akaniambia mkataba wangu unakaribia kuisha na mwenye kupeleka majina ya wanaoongezewa ni yeye.

Nilijilaumu. Nikawa navaa kitenge juu ya sketi, nikaacha hata kusalimia watu kwa uchangamfu. Hakubadilika.

Aliyenifungua macho ni Mama Salma, Mluguru wa kule Kinole, mwakilishi wa wanawake kwenye chama chetu cha wafanyakazi. Siku moja aliona chakula kinapoa mbele yangu, akaniuliza, nikamweleza yote.

"Huo si utani, mwanangu," akasema. "Huo ni unyanyasaji wa kingono, na kosa ni lake. Meseji usifute hata moja. Andika siku, mahali, alichosema na nani alikuwepo."

Nikaandika kwenye daftari wiki mbili, kisha tukaenda naye kwa afisa utumishi. Nilitegemea aniambie mimi ndiye niliyemchokoza. Yeye alisoma meseji zote, akauliza, "Wapo wengine?"

Nikasema sijui. Mama Salma akamwambia, "Waite mmoja mmoja, na huyo bwana asiwepo."

Walijitokeza wawili, mama. Mmoja ni yule aliyekuwa akinicheka kwa sauti kuliko wote. Aliniambia mwenyewe kwamba alicheka ili yule bwana asimrudie yeye.

Kwenye kikao cha nidhamu yule bwana alisema ulikuwa utani tu. Nikasoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho. Hakucheka mtu. Juma lililofuata aliachishwa kazi. Mimi nimerudi kwenye mzani na mkataba mpya nimeshasaini. Asubuhi sasa natembea kwenda kazini nikiitazama milima ya Uluguru.

Nisalimie bibi, mjomba Masanja fundi baiskeli, na jirani yetu mkunga. Mdogo wangu Pili, kwa kuwa anaanza kazi hotelini Tabora, mpe barua hii aisome yote. Mimi nilinyamaza miezi minne. Mwambie yeye asinyamaze hata siku moja, na kwamba nyumbani ataaminiwa.

Ni mimi binti yako,
Kabula