Gari la Marehemu Baba Mkubwa Halikufika

Cheyo,
Tabora.
11 Machi, 1976

Mpendwa kaka Mabruki,

Shikamoo. Hujambo huko Ndola, na shemeji na watoto hawajambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa? Sisi hapa tunapumua, alhamdulillahi. Tatu anakusalimu, ingawa leo mimi na mke wangu huyo hatusemeshani vizuri, na sababu utaiona mbele. Mvua ni nyingi, mahindi yamesimama vizuri, sukari tumeisahau rangi yake.

Umeniuliza habari za mama yangu, mama yako mdogo. Bado yuko kule kwa dada Kuluthumu, upande wa Urambo. Unakumbuka alikwenda kumlea dada alipojifungua, akakuta watu wanahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, akahama nao. Tangu hapo miguu imemwishia nguvu. Kila mara anatuma salamu kwamba anataka kurudi kufia chumbani kwake Cheyo, na neno hilo analisema hivyo hivyo bila kupindapinda. Kutoka kijijini hadi stesheni ni mbali, na juu ya lori la tumbaku hawezi kukaa, mgongo unakataa. Lililobaki ni gari la marehemu baba yako, ile Pijo aliyoinunua mwaka wa pili wa Uhuru.

Na hiyo Pijo, kaka, ilikuwa imekufa.

Fundi aliyeyajua magari hayo amehamia Mwanza. Waliobaki wananiambia nisubiri vipuri, viko njiani. Viko njiani tangu mwaka juzi. Basi mimi, fundi cherehani, nikafungua boneti mwenyewe hapa uani, chini ya turubai.

Aliyeiunda injini ile sijui alikuwa na ugomvi na nani. Plagi amezifukia ndani kabisa, kila moja katika shimo lake, huioni, unapapasa tu. Spana ya kuzifikia hatuna. Mhunzi mmoja wa sokoni alinigongea bomba la baiskeli mpaka likafanana na spana. Distribyuta, ile inayozigawia plagi umeme, nayo imejificha pembeni, mkono unaingia hadi kiwiko na kutoka bila ngozi. Platini, vile vichuma vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, nilivibadilisha kwa vidole peke yake, kama ninavyotunga uzi umeme ukikatika. Plagi na platini nilizitoa kwenye gari jingine la aina hiyo, maiti tupu, lakini viungo vyake vilikuwa na afadhali kuliko vyetu.

Kikwazo kikabaki kifuniko cha distribyuta. Kilikuwa na ufa, na kingine hakikupatikana Tabora nzima. Unyevu ukiingia kwenye ufa, cheche inapotea na gari haliwaki. Hapo ndipo Shilinde, yule mrina asali wa Itetemia, aliponiletea donge la nta. Wewe unajua kwetu nta inaziba kila kitu: mtungi, mzinga, hata jino lililotoboka. Tukaziba ufa, tukalainisha kwa kidole gumba. Gari likawaka palepale. Kaka, nililia mbele ya watu na sikuona haya.

Nikatuma salamu kwa dereva wa lori la tumbaku: Mama ajitayarishe, Ijumaa tunakuja kumchukua.

Tulitoka vizuri, mimi na Shilinde. Mji tukauacha nyuma, tukaingia porini kwenye miombo. Mara gari likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Nilipofungua boneti harufu ya asali ikanijaa puani. Injini ilipopata moto nta iliyeyuka, ikatiririka ndani, ikafunika platini zote. Akili yangu ilikuwa wapi? Nani anaziba mtungi kwa nta halafu anauteleka motoni? Na kabla sijaingiza mkono nisafishe, nyuki wakafika. Walijaa kwenye distribyuta kama waliopanga nyumba. Shilinde, mtu aliyezeeka mizingani, ndiye aliyetangulia kukimbia.

Tulirudi tukivutwa na ng'ombe wa mtu aliyetuonea huruma. Njia ile ile babu yetu aliipita kwa miguu kutoka Ujiji, pembe ya ndovu begani, na alifika. Mimi na injini yangu hata Urambo sikuiona.

Juzi alikuja Abbasi, mume wa Kuluthumu. Akanieleza kwamba Ijumaa ile Mama alioga mapema, akavaa kanga mpya, akakaa nje na kifurushi mapajani, akisikiliza. Kila kilichonguruma alisema ni mimi. Jua lilipozama aliomba aingizwe ndani. Kesho yake alikifungua kifurushi, akawagawia wajukuu kanga zake. Kisha akafungua pindo la ile aliyovaa, akatoa ufunguo wa chumba chake cha hapa, ule aliokuwa ameufunga pindoni tangu siku aliyoondoka, akampa Abbasi.

"Mwambie mwanangu asijichoshe tena," alimwambia. "Chumba akipangishe."

Katika barua yako umesema ukipata namba ya kipuri chochote utanitafutia huko. Namba ya kifuniko imefutika, kwa hiyo nimekuchorea umbo lake nyuma ya karatasi hii, saizi yake kamili. Sikufichi, tumaini sina. Kifurushi kitakaa forodhani miezi, na mama yangu hana miezi. Nimechora kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure.

Chumba sikukipangisha. Wala sikukifunga. Ufunguo uko kwenye droo ya cherehani, na mlango nimeuacha wazi tangu Abbasi alipoondoka. Ndiyo ugomvi wangu na Tatu huo: anasema kuku wanaingia na kutaga kitandani kwa Mama. Nimemwambia awaache watage.

Nisalimie sana shemeji, na mzee Lukumani kama bado mnaonana msikitini. Dada Kuluthumu na Abbasi wanakusalimu. Mungu akulinde ugenini, akupe afya, na siku utakayotamani kurudi kwenu akupe na chombo cha kukufikisha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Yahaya